Hajambo Kidogo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkutano ofisini kwa Lenox, asubuhi nzima. Lenox ndiye meneja mpya, ametoka Nairobi, hajazoea hata joto la huku Changamwe, Mombasa, na tayari anakohoa. Alikuja na mtaalamu wa hesabu. Mtaalamu akatuonyesha picha ya mistari ukutani: siku za ugonjwa zinaila kampuni kuliko stima. Kuliko stima! Na sisi tunasaga mawe ya saruji mchana na usiku, bili yetu ya stima si ya mchezo.

Ugonjwa wenyewe ni kifua. Kila aliyekuwa mle chumbani anajua kinatoka wapi — mifuko ya kuchuja vumbi juu ya kinu imetoboka tangu mwaka jana. Mtaalamu akaiulizia hiyo mifuko. Lenox akasema hiyo ni bajeti ya mwaka ujao, tushike kwanza lililo karibu.

Lililo karibu ni mimi. Mimi wa ofisi ya wafanyakazi niwe nawatembelea wagonjwa majumbani, niwajulie hali. Kampuni itatoa machungwa. Nikasema kumtazama mgonjwa ni jambo jema, na nilikuwa nasema kweli. Halafu akaongeza: nikitoka huko nimtumie ujumbe kwenye simu, mtu yuko vipi. Maneno machache tu.

Nimerudi nyumbani, Chaani. Nimepangusa dirisha. Kitambaa kijivu. Sasa nalala.

Alhamisi, 6 Februari

Wagonjwa wawili. Wa kwanza Nafula, anashona magunia, anakaa hapa hapa Chaani. Nilipouliza hali hakuzunguka. Mama, mi siko sawa, kifua kinaniua, usiku nalala nimekaa. Kwao Bungoma. Nikaandika: Nafula mgonjwa, kifua. Lenox amempa wiki nzima.

Wa pili Gershom, fundi wa kinu, anakaa Mikindani. Kwao Taita lakini amezaliwa Mombasa, adabu zote za hapa anazo. Yuko kitandani, sauti haitoki. Hujambo, Gershom? Sijambo, mama, twashukuru Mungu. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Chai ikaja, tukazungumza mvua. Ndipo mkewe akasema polepole kwamba mume hajala tangu Jumapili. Nikaandika: Gershom hajambo kidogo.

Ningeandika nini? Mgonjwa huwa hajambo kidogo. Mama yangu mwenyewe alikuwa hajambo kidogo mpaka tulipomvisha sanda. Kumsema mgonjwa vibaya ni kumtabiria.

Jumanne, 11 Februari

Gershom yuko kazini. Nimemwona akipanda ngazi za kinu, anapumzika kila kipandio. Nilishangaa, kisha nikakumbuka ujumbe wangu, nikaacha kushangaa.

Tangu Ijumaa nimewatembelea wengine wanne, wote nimewaandika hajambo kidogo, na Lenox ananisifu! Siku za ugonjwa zinashuka. Anasema watu wanaogopa kudanganya mtu wanayemheshimu. Kumbe ndiyo kazi niliyopewa. Nimesema asante.

Getini vijana wa kupakia wamepata mzaha. Wakiniona tu: "Hatujambo, mama! Hatujambo!" Wakacheka, na mimi nikacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, akakohoa muda mrefu. Tulimngoja amalize.

Alhamisi, 13 Februari

Jomvu Kuu, kwa mzee Hamoud. Huyu ni mtu wa mashine ya magunia, anajaza saruji tangu mimi sijaajiriwa. Binti yake Hadeel alinipokea, shikamoo, akanitandikia mkeka karibu na kitanda.

Mzee kaegemezwa mito, mito mpaka kisogoni, kwa sababu akilala chini hapati pumzi. Taulo mkononi.

"Karibu, mwanangu. Ndoo... ndoo hapa ukae."

"Mwaonaje hali, mzee?"

"Hatujambo. Alhamdulillahi... uzima tele."

Kila neno alilitafutia pumzi. Akaniuliza habari za shangazi yangu wa Kisauni, za mume wa shangazi, za kila mtu. Nikamjibu wote wazima. Hadeel alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Mwisho akashindwa. Bi Mahfoudha, daktari amemwambia atoke vumbini kabisa, mwambie bosi wenu! Mzee akamkata: "Hadeel! Mgeni hajanwa maji." Binti akaenda kuleta maji. Nikanywa.

Njiani nikatuma: Mzee Hamoud hajambo kidogo, alhamdulillahi.

Nimekaanga samaki. Nimesahau chumvi. Nimewala hivyo hivyo.

Jumanne, 18 Februari

Mzee Hamoud kwenye mashine ya magunia! Taulo amelifunga mdomoni. Alinyanyua mkono, akanishukuru kwa kwenda kumtazama. Kunishukuru!

Nimekwenda kwa Lenox. Nimemuuliza nani amemwita yule mzee. Akasema yeye, amempigia simu Jumamosi, na mzee amekubali vizuri tu. Na akanigeuzia simu yake nione ujumbe wangu.

"Si uliandika hajambo? Hajambo ni mtu mzima. Hata shule ndivyo tulifundishwa."

"Hajambo kidogo, bwana Lenox. Kidogo."

"Sasa hiyo kidogo ni nini? Nyinyi watu wa Mombasa mna Kiswahili mingi. Mtu ni mgonjwa ama si mgonjwa."

Ningesema: ni mgonjwa. Maneno mawili. Badala yake nikasema nitaangalia. Kuangalia nini, sijui. Nilirudi mezani kwangu nikala ndizi, nikapanga faili za likizo kwa alfabeti.

Alhamisi, 20 Februari

Leo vumbi limezidi. Upepo hakuna, kila kitu kinatua hapa hapa.

Mzee Hamoud ameanguka kwenye mashine. Magunia yaliendelea kuteremka yakamrundikia miguuni mpaka mtu akakumbuka kuzima. Wamempeleka hospitali kwa gari la kampuni. Nilishuka kutazama, hakuna cha kutazama. Taulo lake liko sakafuni. Jasho na saruji — limekuwa gumu, linasimama lenyewe.

Niliandika siku moja ya ugonjwa kwenye jina lake. Ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 21 Februari

Mzee Hamoud amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amezikwa baada ya swala ya Ijumaa, Jomvu Kuu.

Nilikaa ndani na wanawake. Nilitazama miguu yangu. Machozi hayakuja, na sikuyatafuta.

Jumanne, 25 Februari

Hadeel amekwenda kushtaki ofisi ya kazi, ya serikali. Anasema baba yake aliitwa kazini akiwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wa vumbi la kiwanda. Barua yao imefika leo. Lenox hakukasirika. Mungu ametusaidia, mama, akasema, tuna ujumbe wako. Mzee mwenyewe alikwambia ni mzima, wewe ukaandika, tarehe ipo. Ameuchapisha kwenye karatasi, mkubwa, kwa rangi. Alhamdulillahi yangu pia ipo.

Nitakuwa shahidi wa kampuni. Nimesema sawa. Sawa ni neno jepesi.

Getini vijana hawapigi tena kelele wakiniona. Wananipisha njia. Gershom peke yake alisimama, midomo myeupe kama aliyelamba unga. "Sijambo, mama," akasema. Sikuwa nimemuuliza. Alilisema harakaharaka, kisha akaenda zake kwenye kinu, mkono kifuani.

Ananiogopa. Mtu niliyekunywa chai kwake! Hilo limeniuma. Ni kitu cha kwanza kuniuma tangu mzee Hamoud azikwe, na kimechagua kuniuma pale getini, mbele ya askari.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo wa siku chache na kifua changu kimekauka. Nimekohoa kwenye daku. Nimesema ni mafua.

Wagonjwa hawapo. Hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa tangu mazishi. Lenox amepeleka picha Nairobi, ule mstari wa siku za ugonjwa umeshuka mpaka chini kabisa, na Nairobi wamempongeza. Mifuko ya kuchuja vumbi bado ile ile.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha ofisi ya kazi. Wametupa mapumziko mafupi.

Afisa anayesikiliza malalamiko ya Hadeel ni mwanamke, mtu wa makamo, maneno machache. Lenox alisoma ujumbe wangu kwa sauti. Akaeleza maana ya hajambo, akaeleza vizuri, kama mwalimu. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi. Mama, wewe ni mtu wa hapa. Hajambo kidogo ndiyo nini?

Nikasema: ni mgonjwa.

Ulimkuta mzee amekaa au amelala? Nikasema kaegemezwa mito, hawezi kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi, na binti yake aliniambia mbele yake maneno ya daktari. Na wewe ulifanya nini? Nilikunywa maji, nikasema, nikaondoka, nikatuma huo ujumbe.

Hadeel akalia. Mimi nilikaa vile vile, nikawa nasikia feni tu. Nilitegemea ningeona aibu. Labda itakuja baadaye.

Afisa akaandika. Halafu akauliza bila kuinua kichwa: ni nani wengine uliowaandika hivyo? Hapo ndipo Lenox akaomba mapumziko.

Amekuja hapa kwenye benchi sasa hivi. Akakaa kando yangu, sauti ya chini, adabu nyingi. Mama, la Hamoud umeshasema, limepita. Usifungue mengine. Hao wengine hawajalalamika, wako kazini, hawana shida. Fikiria kazi yako pia. Akakohoa, akaomba radhi kwa kukohoa, akaenda kupiga simu dirishani.

Hawajalalamika. Kweli, hawajalalamika hata mmoja. Nimewapitia kichwani mmoja mmoja. Kuna waliopona. Kuna walioacha kazi wakarudi kwao. Gershom hakupona na hakuacha.

Karani amefungua mlango, anataja jina langu, analikosea. Lenox ameshusha simu, ananitazama. Hadeel pia ananitazama. Nikiingia nitaanza na Gershom. Shifti ya mchana imeshaingia, yuko juu ya kinu sasa hivi —