Nipo Magotini

Thamesmead, London
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kokuhirwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kabla hujamaliza kuichana bahasha, ndivyo Baba alivyotulea. Hujambo, mama? Mgongo wako unaendeleaje, na Shemeji Rwegoshora na kile kikohozi chake? Na Kemilembe wetu, kidonda cha kifuani kimeshajifunga vizuri? Mwambie mama yake mkubwa anamwaza kila saa. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, nakula, nafanya kazi, isipokuwa usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake ndiyo imenikalisha hapa mezani na kalamu.

Usishtuke kuona barua ya mkono wakati tunaongea kwenye simu kila siku. Anakuletea Harrison, mume wa mwanakwaya mwenzangu, anakuja likizo Bukoba. Nimemwomba akuwekee mkononi mwako mwenyewe kabla ya Jumamosi, asimwachie mtu. Kwenye simu sauti yangu imezoea kukuambia mazuri tu. Kalamu inanichelewesha, na nikichelewa ndipo nasema kweli.

Umenitaka nijirekodi ushuhuda ili uchezwe Jumapili kwenye Misa ya shukrani, baada ya komunyo. Umesema jumuiya nzima wameshaisikia habari: kwamba siku ya saba ya novena yetu ya siku tisa, saa tisa mchana, Saa ya Huruma, mtoto yuko mezani kwa madaktari kule Mwanza, ulipewa habari mbaya mlangoni, ukaniandikia, nami nikakujibu kwamba nipo magotini. Na haikupita nusu saa, presha ya mtoto ikarudi. Umeisimulia sana, Koku. Juzi Mama Emma wa kwaya ya hapo Kashozi alinipigia simu kutoka huko, eti nimwombee mguu. Nikamwombea, huku masikio yananiwaka kwa aibu.

Sasa nisikilize. Unamjua kwa jina Mama Lila, yule bibi wa Kihindi ninayemhudumia kule Kenton, upande mwingine wa London, aliyezaliwa Bukoba mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Ndiye yule anayenisahihisha Kihaya changu. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Mwezi wa pili binti yake, Nishma, aliamua kwamba mwezi wa tano atampeleka Japani, kwenye mji wa kale unaoitwa Kyoto, auone kabla giza halijamfunika. Mimi ilikuwa niende nao, nimwogeshe, nimpe dawa, nimshike mkono. Wiki ileile ukanipa tarehe ya upasuaji wa Kemilembe, na tarehe zikagongana. Nilikuambia nimeomba ruhusa nije, kazini wamekataa. Hawakukataa. Sikuomba. Nishma ni mtu mwema, angeniachia siku hiyohiyo. Nilitaka kuiona Japani, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa naona vyoo na vitanda vya wagonjwa, nikajiambia mara moja tu. Ndiyo maana ulidhani niko London siku zote zile tisa.

Novena nilikuwa naisali, hilo naomba uamini. Siku nne za kwanza nilikuwa Kenton, saa tisa yenu ni saa saba yetu, nilipiga magoti jikoni. Siku ya tano na ya sita tulikuwa Kyoto, na huko saa tisa yenu ni saa tatu usiku. Nilisali kando ya kitanda cha Mama Lila, naye akinipunguzia sauti ya televisheni.

Siku ya saba Nishma alikuwa amekodi baiskeli mbili za umeme na mama mmoja wa pale wa kuwaongoza, watembee mjini usiku wakati watalii wamepungua. Ya pili ilikuwa ya mama yake, eti kama ataweza. Wapi! Miguu ilikuwa imevimba kama mihogo. Akaniambia niende mimi, nikirudi nimsimulie kila kitu. Nikamjibu saa tatu nina sala. Akacheka, akasema nimesali mpaka magoti yameota sugu, Mungu hatanuna nikijipa usiku mmoja wa kupumzika. Nikasema basi nitasali kabla ya kutoka. Sikusali. Nilikuwa natafuta suruali.

Koku, sikuwa nimepanda baiskeli tangu Baba alipoiuza ile yake ya kubebea kahawa. Unakumbuka alivyotufundisha kwenye mteremko wa parokiani, ameshika kiti kwa nyuma, anakimbia na kandambili zake zinapiga pa, pa, pa? Hii ya umeme ndivyo ilivyo. Unakanyaga kidogo tu, halafu kuna kitu kinakusukuma kutoka nyuma, pole pole, kama mtu mwenye mkono mkubwa. Mara ya kwanza niligeuka kuangalia ni nani. Nishma alicheka mpaka ikabidi asimame.

Tukaingia kwenye vichochoro. Nyumba za mbao nyeusi zimebanana, madirisha ya vijiti, taa za karatasi milangoni. Yule mama kiongozi alituomba tusipige kengele wala kuongea kwa sauti, maana nyuma ya zile mbao watu wanaishi na kesho wana kazi. Mwanamke mmoja akapita amevaa kimono, lile joho lao, viatu vyake vya mbao vinagonga mawe, akainama kidogo, nami nikainama na baiskeli yangu nusura nianguke. Ghafla juu ya mapaa ukatokea mnara wa mbao, ghorofa tano, umesimama kimya kama mtu anayetusubiri. Nilifanya ishara ya msalaba. Sikujua nifanye nini kingine. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nije Ulaya, na hiyo ndiyo inayoniumiza kuandika.

Tulipofika kwenye daraja la mto wao, simu ikatetemeka kifuani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Uliandika: “Dada, presha ya mtoto inashuka. Daktari hanitazami machoni. Piga magoti.”

Nilisoma yote. Usije ukanitafutia udhuru kwamba sikuona. Mguu mmoja ulikuwa chini, mwingine uko kwenye pedali. Nishma na kiongozi walikuwa wameshavuka, wananipungia mkono. Ningeweza kuilaza ile baiskeli na kupiga magoti palepale darajani, nani angenijua? Nikaandika, “Nipo magotini, usiogope.” Nikajiambia nitasali huku naendesha, Mungu anaelewa. Kisha nikazima simu, kwa sababu niliogopa ujumbe utakaofuata. Nikakanyaga.

Nilianza Baba Yetu. Nilifika “utupe leo,” ukaja mteremko.

Sikurudi tena kwenye ile sala. Mkono wa Baba ulikuwa chini ya kiti na upepo ulikuwa usoni, nikawa na miaka kumi.

Baadaye tulisimama kwenye kona kunywa maji. Palikuwa na kijumba cha mbao, hata kiunoni hakinifiki, na ndani yake sanamu ya jiwe, fupi kama mtoto anayeanza kutembea, imefungwa kitambaa chekundu shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Nikauliza ni nini. Yule mama akasema huyo ni mlinzi wa watoto. Mwanamke ambaye mtoto wake anaumwa, au amefariki, huja kumvalisha. Kitambaa kilikuwa kipya kabisa, bado kina mikunjo.

Ndipo nikamkumbuka Kemilembe. Sisemi nilimkumbuka zaidi. Nasema nilikuwa nimemsahau.

Ilikuwa saa nne na robo. Nikawasha simu, Nishma akanishikia baiskeli. Yakaingia maneno yako: “Amerudi! Presha imepanda! Dada, Mungu amekusikia.” Nami, mbele ya lile jiwe na kitambaa chake, nikakujibu, “Amina.” Ni neno dogo, lakini ndilo lililonifunga, maana pale ndipo ningekuambia, na badala yake niliipokea sifa. Siku ya nane na ya tisa nilisali mpaka goti likachubuka. Nilikuwa nalipa, sikuwa naomba.

Na kuna baya zaidi. Kama ujumbe ule ungekuwa mwingine, nisingekuambia mpaka naingia kaburini. Ningelia na wewe, ningekuapia kwamba niliomba mpaka dakika ya mwisho.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri wetu ni Mwingereza mzee asiye na haraka. Akaniuliza kama ninajutia yote. Nikasema yote, akaniondolea dhambi, akanipa rozari moja ya malipizi. Nilipofika kituo cha basi nikagundua kwamba hata mle ndani nimedanganya. Najutia kutokuomba ruhusa. Najutia yale maneno ya darajani, na ile Amina. Lakini ule mkono chini ya kiti, Koku, najaribu kuujutia, haujutiki. Sijui Mungu atanifanyia nini kwa hilo. Wewe nakuambia lilivyo.

Basi Misa iwepo, na ngoma ziwepo, na shukrani zitolewe kwa sauti, mtoto amepona. Ila ushuhuda sirekodi, na jina langu litoe. Kwenye ile korido ya Mwanza ulikuwa peke yako. Ulidhani tuko wawili, kumbe ni wewe tu kwenye saruji na kanga yako. Kama kuna mtu aliyesikilizwa saa ile, ni wewe. Usinipe mimi tena, inanichoma.

Umeniambia Kemilembe akipata Kipaimara anataka kuchukua jina langu. Ana miaka kumi na miwili, anaelewa. Msomee barua hii yote, usiruke pale pa darajani. Akilitaka bado, alichukue akijua ni la nani. Asipolitaka, sitanuna, nitamletea zawadi yake vilevile, na safari hii ruhusa nimeomba kweli. Nishma amenipa mwezi wa nane wote. Ukiona nisije, niandikie, nitaelewa.

Nisalimie Shemeji, nisalimie majirani, Mama Emma mwambie mguu aupeleke hospitali. Mama Lila anakusalimu kwa Kihaya chake cha dukani. Macho yameisha sasa, na kila jioni ananiomba nimtembeze tena Kyoto kwa mdomo. Namwambia taa, namwambia mbao, viatu vya yule mwanamke. Nikifika darajani huwa naruka. Leo, baada ya kuifunga bahasha hii, sitaruka.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa juu ya baiskeli,

Generosa