Mlima Hauna Jina la Mtu

Nevada, mwezi wa kumi

Kaka yangu Clete,

Pokea salamu zangu na za Mama. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepungua, na theluji ya kwanza imeshagusa vilele.

Nakuandikia habari za Hollenbeck. Najua hujasahau. Baba alipolazwa hospitalini alimweleza, rafiki kwa rafiki, mahali anapolala yule kulungu ambaye Baba alimfuatilia miaka yote. Wiki ileile pembe zikatundikwa mgahawani, jina la Hollenbeck chini yake. Baba alipomuuliza, akajibiwa kwamba mlima hauna jina la mtu. Baba akazikwa na neno hilo kifuani. Mimi lilinikwama kooni.

Msimu huu wa kuwinda nilifanya kama tulivyofunzwa: kukaa kileleni kabla ya kucha, jua litokee mgongoni, darubini ikae juu ya miguu yake mitatu isitikisike, kisha kupekua mteremko kipande kwa kipande. Baba alikuwa akisema usitafute kulungu, tafuta sikio. Nililiona sikio kwenye kivuli cha mti wa mreteni, korongo la kaskazini. Dume huyo alimzidi yule wa mgahawani.

Sasa Hollenbeck macho yamemchoka. Siku hizi hatafuti kulungu, anatafuta wawindaji. Huegesha gari mbali akachungulia darubini zetu zimeelekea wapi. Basi kila asubuhi nikawa nalielekezea darubini korongo la kusini, ambalo halina kitu. Kulifikia lazima upite kwenye ukingo ulio juu ya dume wangu, na hewa ya asubuhi, ikiwa bado baridi, huteremka. Harufu ya Hollenbeck ingemshukia puani, naye angekimbilia kipito cha ng'ambo. Hapo ndipo ningemngoja.

Siku ya kufunguliwa msimu mzee alikuja kama aliyealikwa. Dume akainua kichwa, akaondoka, akapita mbele yangu. Risasi moja ilitosha.

Hollenbeck aliusikia mlio akaja. Desturi yetu unaijua, ukimkuta mtu na nyama mbali na barabara, unabeba. Nilimtwika paja na pembe juu yake. Katikati ya mlima akautua mzigo, jasho likimtoka.

"Wewe binti umenichezea," alisema. "Kule kusini hakuna hata panya."

"Nilikuwa naangalia mlima tu, Mzee. Kwani una jina la mtu?"

Alinitazama, akajitwika tena. Nilifurahi, kaka, sitakuficha. Mpaka sasa nina furaha hiyo.

Ila lipo nisiloweza kumwambia Mama. Kabla dume hajainuka, nilimtazama Hollenbeck pale ukingoni, na sikutumia darubini ya mkononi. Nilitumia ya bunduki. Baba angeninyang'anya bunduki siku hiyohiyo, maana ile ni ya kumtazamia mnyama peke yake. Risasi ilikuwa ndani. Nilimwona ameketi juu ya jiwe, anafuta miwani yake. Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio, nadhani. Dume asingeinuka, sijui ningemtazama mzee yule mpaka lini.

Bunduki ya Baba nimeifunga kwenye blanketi, iko uvunguni mwa kitanda changu. Njoo uichukue kabla ya msimu ujao. Hollenbeck ameniomba tuwinde pamoja, nami nimekubali.

Wabusu wanao kwa niaba yangu.

Dada yako akupendaye,
Darla