Bakshishi Iliyoosha Injini

Baba yangu, shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Nimefika Kigali salama, mimi na gari lako, lile ambalo Mama huliita mke mwenzake. Mkosi ulinipata mlangoni mwa hoteli, ambako mgeni hukabidhi ufunguo akaegeshewa. Nikaogopa, nikamtangulizia mwegeshaji, Bosco, bakshishi nono ili alitunze kama yai. Ndilo kosa langu! Watu wa hapa hawapendi kula cha bure. Bosco akajiuliza pesa yote ile ni ya kazi gani, akaliona vumbi letu la Mwanza, akapata jibu. Nilipomaliza chai nikamkuta kalowa hadi magotini, anatabasamu: "Mama, gari iko safi sana! Hata moteri nimeosha."

Injini, Baba! Uliyonikataza hata kuifuta kwa kitambaa kibichi! Sasa haiwaki. Fundi kaja kutoka Gikondo, anaanika plagi juani, na Bosco bado ananiuliza kama nimefurahi. Nitamgombezaje mtu kama huyo?

Nakupenda, Mungu akupe subira. Mwambie Mama asicheke sana: mke mwenzake ameogeshwa mpaka utumbo, sasa amenuna.

Mwanao, Adela