Kabo tano za baraza la Mama

Jumamosi, Kasongo. Mvua ya asubuhi imepita, jua limetoka kwa haya, na mikono yangu yote miwili inanuka grisi. Mwalimu wa fizikia mwenye grisi mikononi si jambo la kila siku, basi naandika.

Baraza letu liko juu. Nyumba imejengwa kwenye mteremko, na mtu akianguka upande wa mbele anapata muda wa kufikiri kabla ya kufika chini. Mwezi uliopita mama yangu nusura aupate muda huo. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, lakini bado alikuwa anatawadhia ukingoni, birika mkononi, ili maji yaangukie nje kama siku zote. Mguu ukateleza. Mke wangu Mwajuma akamdaka kwa kitenge.

Tangu siku hiyo Mama anakaa ndani. Hakuna aliyemkataza kutoka. Ameogopa, na mama yangu akiogopa hasemi. Anasema tu kwamba nje kuna vumbi.

Fundi mmoja alitaka kutujengea ukuta wa matofali unaofika kifuani. Mama akauliza kutoka chumbani: "Munanizika nikiwa muzima?"

Ndipo nikaamua kuweka kabo: nyuzi tano za chuma kati ya nguzo. Upepo upite, maji yapite, salamu za majirani zipite, Mama asipite.

Nilinunua vifaa vya bei ya chini. Kabo nyembamba, vibano vya kufungia ncha, na tandere tano, kile chuma cha skrubu ambacho ukikizungusha kinavuta kabo. Wenye uwezo wanaweka tandere kila upande. Mimi nikasema moja kwa kila kabo inatosha, ncha ya pili niibane tu kwenye nguzo. Katika hilo nilikuwa sawa. Naliandika wazi kwa sababu ni hilo peke yake.

Jana nilikaza kabo ya juu mpaka ikalia kama gitaa. Nikashuka kwa ya pili, ya tatu. Nilipomaliza ya tano, ya juu ilikuwa imelegea kama mshipi wa mtu mwishoni mwa Ramadhani. Nikarudi kuikaza, za chini zikalegea. Nguzo za mwisho zikaanza kuinamiana kama watu wawili wanaosengenya.

Miaka kumi na tisa nafundisha mvutano wa kamba. Kwa chaki.

Mwajuma amefika leo asubuhi kutoka Kabambare, tope mpaka magotini. Anauza chumvi na sabuni kule, mzigo unapanda pikipiki, na ile njia wote tunaijua. Hata koti la mvua hakuvua. Alivuta kabo moja kwa kidole.

"Baba Salima, hii iko gardefu ya kuzuia mutu asianguke, ao kamba ya kuanika nguo?"

"Iko kazi ya mutu mwenye kusoma," nikajibu.

"Ndiyo, naona. Na boriti ya juu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa imeegemea ukuta, ikingoja rangi. Nilidhani ni pambo la mwisho, mahali pa kuweka mkono tu. Mwajuma alicheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

"Mama, mutoto wako anashona shati bila mabega!"

Kumbe boriti ndiyo inayozuia nguzo zisiinamiane. Akanieleza bila kuacha kucheka: kwenye pikipiki unaweka kwanza fimbo, magunia yasijikunje. Kisha unafunga katikati, kidogo. Kisha huku, kidogo, na kule, kidogo, halafu unazunguka upya. Anayemaliza upande mmoja kwanza anaokota chumvi yake kwenye shimo la kwanza.

Akalegeza kabo zote. Nikapigilia boriti. Akaanza na kabo ya tatu, ya katikati, akaenda ya pili na ya nne, kisha ya kwanza na ya tano. Akarudia mizunguko minne, robo kwa robo. Mimi nilishika spana na kumpa alipoiomba.

Nakiri: nimekula kwa mizigo ile miaka yote hii, na sikuwahi kuuliza inafungwa namna gani.

Alasiri Mwajuma alimtoa Mama nje, akamwekea mkono juu ya boriti, akamwachia. Nilitaka kwenda kumshika, Mwajuma akanivuta shati. Mama akahesabu kabo kwa vidole, toka juu mpaka chini. Kisha akaegemea kwa uzito wote, makusudi kabisa. Mimi nikafumba macho.

Kabo hazikusema neno.

Akatawadha. Maji yakapita kati ya nyuzi, yakaangukia nje. Jirani mmoja akasalimu kutoka njiani, Mama akaitikia kabla salamu haijaisha.

"Nani amefunga hii?" akauliza.

Nikakohoa.

"Sikuulizi weye, Yusufu. Kila mbuzi uliyefunga weye tulimutafuta shambani."

Jumatatu nina somo la mvutano. Nisimame tena na chaki yangu, ao nimuombe Mwajuma aje darasani na kamba zake? Nadhani nitaomba. Atacheka kwanza, halafu atakuja.

Sala imekwisha zamani, na Mama bado yuko nje. Anasema leo hakuna vumbi.