Nimemtetea Adui Mbele ya Babake Rasha

Marhun, nilikuwa Bidiya, nimeshaifungua mgongo TV ya babake Rasha. Picha ipo, sauti hakuna. Inaonyesha ile tamthilia ya Kijapani ya mashujaa wanaosafiri kwenye wakati.

Mzee akauliza, "Huyu mwenye pembe ndiye mbaya?"

Ningejibu ndiyo, yakaisha. Lakini unanijua. Nikamweleza taratibu kwamba adui huyu anarudi zamani kuzuia watu wake wasifukuzwe kwao. Ndiyo maana anatisha, kwa sababu ana haki.

Kisha nikaongeza, wala sikuulizwa: "Ni kama nyinyi, Ammi, msingefukuzwa Unguja wakati wa mapinduzi."

Akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mama Rasha nimemjulia hukuhuku Omani, mwanangu. Adui wako akishinda, Rasha hazaliwi."

Kwa upole kabisa, Marhun. Rasha hazaliwi.

Na mimi TV naitengeneza bure ili anizoee kabla hatujapeleka posa.

"Sasa wazee wako watakuja kumposa nani?"

Kumbe anajua. Bisibisi ikaniponyoka, ikaingia ndani ya TV.

"Iache hivyohivyo," akasema. "Kesho uje umalize. Na uje na babako."

Nimeiacha wazi, bisibisi imo.