Neno Nililosema kwa Mikono

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Vipi goti lako, limepoa, au bado unapanda ngazi za shule kwa kushikilia ukuta? Na Mama, anasemaje? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Zaidi ya hapo sijui nikujibu nini, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kazi ni ile ile, maabara ya ghorofa ya pili, mimi na bakteria wangu wa maji kwenye visahani vyao. Unakumbuka nilivyofika hapa. Vyuo vilikuwa vikinijibu kwa adabu kwamba kiziwi atapata taabu maabara, kana kwamba bakteria huongea. Chama cha wanasayansi ndicho kilichonishika mkono. Kilinitafutia mkalimani wa lugha ya alama, kikanipa mlezi wa kitaaluma, yule profesa uliyempachika jina la Mama Miwani, aliyesoma kila nilichoandika na kunirudishia kikiwa chekundu kwa kalamu yake. Kikanipeleka mkutano wa mwaka, nikasimama mbele ya bango langu la utafiti, na kwa mara ya kwanza watu wakaniuliza habari za kazi yangu, si za masikio yangu. Bila chama hicho ningekuwa bado naosha chupa.

Basi mwaka huu Mama Miwani, ambaye sasa ni mwenyekiti, aliniingiza kwenye kamati ya kuchagua mtu wa kusaidiwa kama nilivyosaidiwa mimi. Nafasi ilikuwa moja. Mengine yote tulikuwa tumeshayakataa; ombi la mwisho lilikuwa la binti mmoja fundi wa maabara, kiziwi kama mimi. Alikuwa amebuni njia ya kupima maji ya visima kwa nusu ya muda tunaoutumia sisi. Nililisoma ombi hilo mara mbili.

Mama Miwani akasema mimi ndiye ninayejua njia hiyo ilivyo ngumu, akaniuliza kama binti ataiweza. Wajumbe wote wanne wakanigeukia. Nikainua mikono nikasema bado hajaiva, apewe miaka miwili. Mkalimani aliniuliza kwa alama kama ameniona sawasawa. Nikarudia. Ndipo akaigeukia meza akalisema neno langu kwa sauti yake. Wakakubaliana nafasi ibaki wazi mpaka mwakani, tukaendelea na mengine.

Wiki mbili baadaye binti aliniandikia. Jibu la chama lilimwambia kwamba kwenye kamati kulikuwa na kiziwi, na kiziwi ndani ya chama ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa nani alikuwa mezani. Alisema amefarijika kwamba ombi lake lilisomwa na mtu wa lugha yake, akaniomba nimwonyeshe pa kurekebisha. Nilikaa na barua ile siku nne nikitafuta pa kurekebisha. Sikupaona.

Dada, alikuwa ameiva. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza. Miaka kumi nimekuwa kiziwi wa chama. Picha yangu ndiyo inayowekwa kwenye kalenda yao, mimi ndiye ninayeitwa wageni wakija. Nikamwona huyu anakuja na kazi bora kuliko yangu, nikaufunga mlango niliofunguliwa mimi. Nakwambia wewe kwa sababu ulikaa nami darasani miaka yote ile ukinigeuzia maneno ya walimu kwa vidole vyako, na hata siku moja hukunibadilishia neno. Nilidhani nikiandika hapa nitalia. Silii. Naona tu kalamu ikienda.

Nilimweleza Mama Miwani yote. Alivua miwani, kisha akaomba niyaandike hayo hayo kwa kamati. Niliyaandika, nikajitoa. Walikaa upya bila mimi, na binti amepata nafasi. Mama Miwani ndiye atakayemlea, na binti ataanza mwezi ujao kwenye maabara yetu, meza ya pili kutoka kwangu. Hakuna aliyenigombeza. Wananisalimia asubuhi kama kawaida, nami naitikia.

Binti naye nilimwandikia, nikamweleza nilichosema mezani na kwa nini. Jibu lake limefika jana, mistari miwili. Ameandika kwamba ananishukuru kwa kusema ukweli, na kwamba kuja atakuja. Ila nisitegemee aniite dada.

Barua yake nimeiweka kwenye droo ya meza yangu kazini.

Msalimie sana shemeji, watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama mwambie niko salama, barua hii usimsomee. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunisema.

Ni mimi, mdogo wako