Dinari Isiyo na Nukta

Nairobi, 6 Novemba 2025

Kwa Baba yangu, Mwalimu Hafiz,

Assalaam alaykum. Naibusu mikono yako na ya Mama. Natumai presha ya macho imetulia na dawa unatia kwa wakati, si mpaka Mama apige kelele. Mimi mzima, na hapa dukani Biashara Street vitambaa vinatoka vizuri.

Baba, nimeipata! Tangu daktari aseme nuru ya macho yako huenda isifike Ramadhani, sina raha. Miaka arobaini umewafundisha watoto wa Kibokoni kusoma, na siku zote ulikuwa ukisema, laiti ningeiona dinari moja ya wale Waislamu wa mwanzo, nikaisoma kwa macho yangu. Basi Jumanne niliishika mkononi, kwenye mkahawa mmoja Westlands.

Muuzaji ni jamaa wa suti, mdomo haufungi. "Sista, hii kitu ni original, imemaliza miaka elfu moja na ushee. Ukizubaa, kuna mteja wa Dubai anaibeba." Sikukubali hivi hivi. Tuliipeleka kwa sonara mjini, akaipima, akasema ni dhahabu safi.

Na nimeisoma! Nilianza na Bismillahi ya pembeni, nukta ya ba chini, irabu juu na chini, kila kitu mahali pake kama msahafu wangu wa chuoni nilipokuwa mdogo. Machozi yalinitoka. Kumbe hukunifinya masikio bure kwa zile nukta nilizokuwa nasahau.

Ijumaa ijayo, tarehe 14, nampelekea pesa, akiba yangu yote ya miaka mitatu. Utaiona kabla nuru haijaondoka, inshallah.

Mwanao,
Nabiha

*

Mombasa, 10 Novemba 2025

Kwa binti yangu Nabiha,

Waalaykumu ssalaam. Sisi wazima, ila paka wa mama yako kazaa ndani ya sanduku la vitabu vyangu. Usicheke herufi zangu kubwa kama bango la duka. Mistari siku hizi naibahatisha.

Sasa nisikilize. Umeisoma kirahisi? Basi usinunue.

Wale watu hawakuweka irabu kwenye dinari zao, na nukta ni nadra mno kuiona. Ba, ta, nuni, zote kwao zilikuwa jino moja tu. Walisomaje? Maneno walikuwa nayo tayari vifuani, maandishi yakiwakumbusha tu. Nukta zimejaa kwa ajili yetu sisi tunaojifunza. Hata mwaka wao waliuandika kwa maneno, na unatatiza mpaka leo. Sab' na tis', zilizotupa saba yetu na tisa yetu, ukiziondolea nukta zinafanana: meno manne, kisha ayn.

Sonara hakukudanganya. Dhahabu ni dhahabu, lakini yeye hapimi umri. Mtu anaweza kuyeyusha bangili ya juzi akaimimina kuwa dinari jana. Angalia ukingo wake pia, kama una mstari wa kuungia, ule unaoachwa na kalibu; zao zilipigwa kwa nyundo.

Nataka kuiona, mwanangu, sikufichi. Lakini afadhali nisione kitu kuliko kuona uongo na kuulilia kwa furaha.

Baba yako

*

Nairobi, 14 Novemba 2025

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, Mama, na watoto wa paka? Barua yako ilifika jana, siku moja tu kabla.

Leo baada ya sala nilimwendea yule jamaa nikiwa na lenzi niliyoazima kwa sonara. Mstari wa kuungia upo, ukingo mzima. Nikamuuliza, hizi nukta zimetoka wapi? Akaangalia, akakuna kichwa. "Ni design tu, sista. Kama hutaki hizo doti, nipe wiki moja, nitakutolea ingine haina."

Nilicheka mpaka wahudumu wa mkahawa wakageuka. Nilipofika nyumbani nikalia. Pesa ninazo zote, lakini siku zako zinapita na mimi sina kitu mkononi.

Nabiha wako

*

Nairobi, 29 Januari 2026

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sijui nikuulizeje hali. Mama alinipigia mwezi wa kumi na mbili akaniambia nuru imeondoka. Nilishindwa kuandika. Nilijiambia, nimwandikie nini mtu atakayesomewa?

Lakini sikuacha kutafuta. Wiki jana rafiki yangu Syokau, anayesuka nywele Kenyatta Market, alinipeleka Lavington kwa mteja wake, Mama Peres. Ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa akikusanya sarafu. Akanitolea bahasha yenye mwandiko wa mumewe, na ndani yake dinari iliyofungwa karatasini, pamoja na stakabadhi ya mwaka 1974, uzito umeandikwa. Sonara ameupima tena, ni ule ule.

Baba, niliifungua ile karatasi nikaisogeza dinari dirishani. Ni nyembamba kama ukucha. Mimi, binti wa Mwalimu Hafiz, sikuweza kusoma hata neno moja. Hapo nikajua ni yenyewe.

Mama Peres akaniambia, "Wanangu wanaona ni ka-chuma tu. Mpelekee mzee." Akapokea nilichokuwa nacho, hakuomba zaidi.

Mwalimu mmoja hapa mjini ametusaidia kusoma, ila mwaka umetushinda sote. Ni 187 au 189 ya Hijria, saba au tisa, hatujui. Kaka Sadiq anakuletea kwa mkono wake.

Nisamehe, Baba. Nimechelewa.

Nabiha

*

Mombasa, 8 Februari 2026

Kwa binti yangu Nabiha,

Waalaykumu ssalaam. Anayeandika ni mama yako Sahar. Mimi nasema, yeye anapunguza.

Sadiq aliniwekea kiganjani. Nyepesi mno, nikadhani ananichezea, kanipa kifungo cha shati. Kisha nikapitisha kidole gumba, na herufi zikaja, Nabiha. Zilikuja moja moja, zimesimama. Kuna mtu aliinua nyundo miaka elfu na mia mbili na zaidi iliyopita, na pigo lake liko chini ya kidole changu. Subhanallah! Sikujua kama nitaishi kuligusa.

Sasa huo mwaka. Macho yenu yanaona meno manne yamelingana. Kidole hakioni hivyo. Matatu ya kwanza mafupi, la nne limenyanyuka, chembe tu, kisha ayn. Matatu ni sini, lililonyanyuka ni ba; ingekuwa tisa, ta ingetangulia na jino la kwanza ndilo lingenyanyuka. Ni saba. Nimerudia tangu asubuhi, sijakosea.

Kwa hiyo usiniambie umechelewa. Ungeileta nikiwa na macho, ningeishia kubishana saba na tisa kama ninyi. Nilitaka kuisoma, na nimeisoma.

Njoo Ramadhani. Utafumba macho, nitakushika kidole, nikufundishe upya. Masikio yako safari hii yako salama.

Baba yako

Mimi Mama naongeza. Ameingia kutawadha, dinari kaiacha mezani. Nimefumba macho nikajaribu.

Ni saba.